Jumamosi Niliyomkatia Mtani Wangu Uzi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mombasa aliniandikia ujumbe mrefu ambao nimeusoma mara tatu. Yeye na marafiki zake, ambao wengi wao anawajua kwa sauti na kwa picha tu, hutaniana kila mwisho wa juma katika kundi lao la WhatsApp. Jumapili moja mzaha wake uliangukia pabaya, kundi likanyamaza, na tangu siku hiyo anapoandika "Mmeamkaje" hujibiwa na watu wawili, tena kwa alama ya dole gumba. Anauliza afanye nini. Na kwa kuwa anajua nilivyo mraibu wa visa vya Wagiriki wa kale, anamalizia kwa kuuliza kama huenda ndiyo majaaliwa yake kuwa mtu wa kutia mchanga vitumbua vya wenzake.

Dada yangu, nilitaka kukujibu kwa mistari minne nikashindwa, kwa sababu swali lako la mwisho limegusa kidonda changu ambacho bado hakijafunga vizuri. Kwa hiyo nivumilie, nitaanza na habari yangu mwenyewe, na ushauri utaupata njiani.

Kundi letu lina watu wanane. Lilianza mwaka 2019, tulipokuwa tukibishana na watu wengi tusiowajua juu ya bao lililokataliwa, tukagundua kwamba sisi wachache tunabishana bila kutukanana mama, tukajitenga. Yumo Msukuma mmoja wa Mwanza ambaye ni mhasibu. Dada mmoja aliyeko Muscat, asili yake Unguja. Mzee wa Kigoma, mwalimu mstaafu. Kijana wa Nairobi. Wawili wa Dar es Salaam. Mmoja aliyeko Minnesota, ambaye usiku wetu wa Jumamosi humkuta bado mchana. Na mimi niliyeko Bagamoyo. Mpaka leo hatujakaa wote wanane chini ya mwembe mmoja. Hata hivyo, nikiugua, hawa ndio wanaojua kabla ya majirani.

Desturi yetu ni nyepesi. Ijumaa usiku kila mtu huweka mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizotabiri. Wanaobeti kwa pesa huweka dau dogo la kununulia vocha, na dada wa Muscat, ambaye kubeti kwake ni haramu, hutabiri kwa ajili ya heshima tu, na ndiye anayeshinda mara nyingi kuliko sisi sote. Jumamosi usiku mikeka ikishachanika ndipo soga linapoanza, na aliyeshindwa vibaya hubadilisha picha yake kwa wiki nzima na kuweka ile atakayochaguliwa na wenzake. Niliwahi kukaa siku saba nikiwa kuku aliyenyonyolewa.

Wagiriki waliingia kundini kwa mlango wangu, na sitajifanya mnyenyekevu: bila mimi tungekuwa bado tunarushiana picha za vibonzo. Nikiwa kidato cha tano niliokota kwenye rafu ya maktaba ya shule *Mfalme Edipode*, tafsiri ya Kiswahili ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Mgiriki Sophokles, nikaisoma usiku mmoja kwa mwanga wa kibatari, na tangu hapo sijapona. Basi Jumamosi moja mkeka wa yule kijana wa Nairobi ulichanika kwa bao la dakika za nyongeza, naye akaandika kwamba dunia haimpendi. Nikamwandikia kwamba dunia haihusiki; wanaohusika ni kina mama watatu.

Wagiriki waliwaita Moirai, miungu wa majaaliwa. Klotho husokota uzi wa maisha ya mtu, Lakhesis huupima, na Atropos, ambaye jina lake maana yake ni asiyegeuzika, huukata. Mshairi Hesiodos, katika shairi lile lile moja, mahali pamoja anasema ni mabinti wa Usiku na mahali pengine anasema ni mabinti wa Zeus, na mimi humpenda zaidi kwa kutotoa uamuzi. Lakini kilicholinyanyua kundi usiku ule ni neno lenyewe. Moira, kabla ya kuwa mungu, ni fungu: fungu la nyama katika karamu, fungu la ardhi, fungu la nyara baada ya vita. Ni lile lile fungu unalolijua, la nyanya tano juu ya gunia, nne nzuri na moja iliyopondeka ambayo mwuzaji ameigeuza kwa chini. Mzee wa Kigoma akasema papo hapo: "Kumbe Mswahili anaposema fulani ana fungu la kukosa, anazungumza Kigiriki bila kujua." Akaongeza kwamba hata neno "ajali" tulilipokea kutoka kwa Waarabu, na kwao ni muda uliokadiriwa, hasa muda wa mtu kufa, ndiyo maana tunasema ajali haina kinga hata pale ambapo mkanda wa gari ungekuwa kinga ya kutosha.

Usiku ule ndio ulioleta mwaka mzima wa raha. Jina la Atropos lilipewa mnyambuliko, mtu akawa anaandika "nimeatroposiwa dakika ya 88" na kila mmoja akaelewa. Kila Jumamosi mtu alitakiwa alete kisa. Nilileta cha Aiskhulos, mtunzi wa tamthilia aliyefia Gela, Sisilia, mnamo 456 K.K., ambaye watu wa kale walisimulia kwamba alitabiriwa kufa kwa kitu kitakachoanguka kutoka juu, akaenda kukaa uwanjani pasipo na nyumba wala mti, na tai akapita akiwa amebeba kobe, akakiona kipara cha Aiskhulos, akadhani ni jiwe la kupasulia gamba. Mmoja wetu wa Dar es Salaam ana kipara. Aliombwa kwa dhati asianike nguo bila kofia, na mpaka leo tai akitajwa yeye hujibu, "Nipo ndani."

Nilileta pia cha Admetos, mfalme ambaye siku zake za kuishi zilikuwa zimekwisha, lakini mungu Apollo akawalevya Moirai kwa mvinyo mpaka wakakubali aendelee kuishi iwapo atapatikana mtu wa kufa badala yake. Mkewe, Alkestis, ndiye aliyejitolea. Kijana wa Nairobi hakungoja nifike kwa mke, alikwisha kuandika, "Hata Majaaliwa walikula kitu kidogo!" na mjadala wote wa falsafa ukaishia hapo.

Na kisa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha watu wa barazani. Zenon, mtu wa Kition huko Kupro, alianza kufundisha Athens mnamo 300 K.K. hivi, katika baraza iliyopambwa kwa michoro, na neno la Kigiriki la baraza hiyo ni stoa, kwa hiyo wafuasi wake wakaitwa Wastoa, yaani watu wa barazani hasa, kama wale wa kwetu wanaokaa na kahawa na bao kutoka alasiri mpaka magharibi. Hao ndio walioshikilia kuliko wengine wote kwamba kila jambo limekwisha kupangwa. Inasimuliwa kwamba Zenon alikuwa akimchapa mtumwa aliyeiba, mtumwa akalia, "Iliandikwa niibe!" Zenon akamjibu, "Na uchapwe."

Jibu hilo likawa sheria yetu. Mtu akisema iliandikwa achelewe kuweka mkeka, wenzake saba humjibu kwa pamoja, "Na uchapwe."

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe.

Mtani wangu wa Mwanza aliweka mkeka wa mechi saba. Sita zikapita. Ya saba ilikuwa ikienda vizuri mpaka dakika ya nne ya nyongeza, mpira ukamgonga beki, ukaingia. Kundi lililipuka. Kwa kawaida yeye huwa wa kwanza kujicheka, lakini usiku ule aliandika neno moja tu, "Sawa," na mimi, ambaye najisifu kwamba husoma watu kwa alama za uandishi wao, sikulisoma. Nilikuwa na sentensi kichwani. Mtu yeyote aliyewahi kuwa mchekeshaji wa kundi anaijua hali hiyo: sentensi ikishakaa vizuri, huoni tena mtu, unaona sentensi.

Saa 4:52 usiku nikaituma. Nainakili hapa kama ilivyokuwa, kwa sababu nimechoka kuilainisha ninapoisimulia: "Ewe mwana wa ziwa, usimlaumu beki. Siku uliyozaliwa Klotho alisokota, Lakhesis akapima, na Atropos akaapa kwamba kila uzi wako ataukata pakiwa pamebaki kidole kimoja. Wewe si mtu wa kushindwa, mtani. Wewe ni mtu wa kukaribia. Ndilo fungu lako."

Zilikuja emoji za kucheka hadi machozi, nami nilizihesabu, zilikuwa thelathini na moja. Wa Minnesota aliomba ruhusa ya kuipeleka kwenye stetasi yake. Nililala nikiwa nimejiridhisha kama mtu aliyekula ubwabwa wa harusi. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nikafungua simu nikakuta ule mstari mdogo wa kijivu usio na sauti: mtani wangu ametoka kundini.

Alichokuwa amemweleza mzee wa Kigoma peke yake ni kwamba Ijumaa mchana yalikuwa yametoka matokeo ya mtihani wa juu wa taaluma yake. Ilikuwa mara ya tatu. Masomo yote alikuwa amekwisha kuyafaulu isipokuwa moja, na lile moja lilimponyoka kwa alama chache sana. Mtu wa kukaribia. Ningetafuta mwaka mzima neno la kumchoma nisingelipata lenye ncha kali kama lile nililolitunga kwa raha.

Hapa niseme jambo ambalo bado linaniuma, na wenzangu wakisoma watanisamehe. Watu wale wale wa emoji thelathini na moja, Jumapili saa nne asubuhi, walikuwa wamegeuka baraza la wazee. "Kwa kweli ulivuka mpaka." "Mimi nilihisi kabisa haikukaa vizuri." Ulihisi saa ngapi, ndugu yangu, kabla ya emoji ya tatu au baada ya ya tano? Sikatai kosa langu. Ila nimejifunza kwamba anayecheka nawe usiku hakuahidi kusimama nawe asubuhi, na kwa hiyo, wewe dada wa Mombasa, usiwahesabu waliocheka kuwa mashahidi wako. Ukijitetea kwa kusema "mbona wote mlicheka", umejiongezea kosa la pili.

Mimi nilijitetea. Nilimwandikia mtani wangu ujumbe wa aya tano za kuomba radhi, na aya nne kati ya hizo zilikuwa za kueleza kwa nini sikukosea. Nilimkumbusha kwamba mimi ni Mzaramo na yeye ni Msukuma, kwamba sisi ni watani tangu enzi za misafara, kwamba mababu zake walipofika pwani na mizigo mabegani mababu zangu waliwatania na hakuna aliyekasirika. Tiki mbili zikageuka buluu. Jibu halikuja.

Aliyenipigia simu ni mzee wa Kigoma. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama nimewahi kumwona mtani msibani, nikamwambia nimewaona tangu utotoni. Kwa wasioijua desturi hii: kwenye mazishi kwetu mtani anaweza kuingia kaburini na kulala chali, akakataa kutoka mpaka apewe pesa, akamsema marehemu kwa uchoyo wake na kwa madeni yake, na wafiwa wenye macho mekundu wakajikuta wanacheka. Nilimwona mmoja kwenye maziko ya baba yangu mkubwa, amelala ndani ya mwanandani na mikono kifuani, anadai kwamba marehemu alimwahidi mbuzi. Mzee akaniuliza, "Na kaburi lile alilichimba nani?" Nikakumbuka. Ni yeye yule mtani na wenzake, tangu alfajiri, kwenye udongo mgumu wenye mawe, na ndio waliokuwa wamepasua kuni na kubeba maji usiku kucha. "Basi," akasema mzee, "wewe umelala kwenye kaburi ambalo hukulichimba."

Nilikaa na neno hilo siku mbili. Jumanne usiku nikampigia mtani wangu, hakupokea. Jumatano nikapiga tena, akapokea mkewe, akasema, "Shemeji, subiri, yuko nje na watoto," nikasikia mlango, nikasikia simu ikikabidhiwa, halafu kimya kirefu. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Sikuyatumia. Nilisema nimemkosea, nikanyamaza.

"Mtani," akaanza, na kwa kuniita hivyo tu nikapata matumaini, "neno lile mimi mwenyewe nilikwisha kujiambia Ijumaa jioni. Nilikaa kwenye gari pale kazini mpaka mlinzi akaja kugonga kioo, nikajiambia labda nimeandikiwa kufika mlangoni na kurudi. Nilipojiambia mwenyewe liliniliza, lakini pia lilinipumzisha. Uliponiambia wewe likawa hukumu."

Baada ya simu ile nilirudi kwa Wagiriki wangu kama mtu anayekagua stoo baada ya mwizi, kuona nimepoteza nini, nikakuta kwamba jambo aliloniambia mhasibu wa Mwanza walikuwa wanalijua siku zote na mimi nilikuwa nimelipita mbio nikitafuta vichekesho. Katika utenzi wa Homeros kuhusu vita vya Troya, Hektor, shujaa wa Troya, anaagana na mkewe Andromakhe kwenye lango la mji, mwanamke analia, na Hektor anamwambia kwamba hakuna atakayempeleka kuzimu kabla ya fungu lake, na kwamba fungu hilo hakuna aliyezaliwa anayelikwepa, awe mwoga au shujaa. Ni maneno makali, lakini angalia ni fungu la nani analolitaja. Ni lake. Analitaja ili mkewe apunguze kulia. Akhilleus naye, shujaa wa upande wa Wagiriki, anaposema kwamba amewekewa njia mbili, maisha mafupi yenye sifa isiyokufa au maisha marefu yasiyo na jina, anazungumza juu ya maisha yake mwenyewe.

Na Zeus mwenyewe, mkubwa wa miungu, anapoona mwanawe Sarpedon anakaribia kuuawa na Patroklos, hachukui uzi wa mwanawe akautungia maneno. Anajiuliza kama amwokoe. Mkewe Hera anamwonya kwamba akifanya hivyo kila mungu atataka kumwokoa wa kwake. Anakubali, na kwa uchungu ananyesha matone ya damu juu ya ardhi, kisha anawatuma Usingizi na Mauti, ndugu mapacha, wauchukue mwili mpaka Lukia, nchi yake, ukazikwe na watu wake. Mimi niliusoma mkasa huo mara nyingi, na kila mara nilipouleta kundini niliuleta kwa ajili ya kichekesho cha mungu mkuu anayetishiwa na mkewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio wote, ni kwamba neno "imeandikwa" lina mwenyewe. Mtu anaweza kulisema juu ya fungu lake, kwa kilio au kwa kicheko, na wewe ukacheka naye. Usilitamke juu ya fungu la mwenzako. Ule mchezo wa Zenon na mtumwa unachekesha kwa sababu mtumwa ndiye aliyetangulia kuitaja ajali yake ili apate kuponyoka, naye akajibiwa kwa kipimo chake mwenyewe. Hebu jaribu kuugeuza, Zenon amkute mtumwa amelala na amwambie tu kwamba ameandikiwa kuchapwa, uone kama kuna atakayecheka barazani. Mtanie mtu mkeka wake. Mtanie kipara chake ikiwa yeye mwenyewe hukitania. Usimtanie maisha yake kwa jumla, usimwambie yeye ni mtu wa namna gani na ataishia wapi, kwa sababu hujui jana alipokea barua gani.

Utasema, nitajuaje kama jana alipokea barua? Hutajua. Ndiyo maana nasema usilitamke.

Jambo la pili linafanana na la kwanza: chimba kabla ya kulala kaburini. Katika makundi yetu haya ya mitandaoni watu wengi wanataka haki za mtani bila kazi za mtani. Hajui jina la mtoto wa mwenzake, hajawahi kumpigia simu siku ya kawaida, lakini Jumamosi usiku anamtania kama aliyelelewa naye. Nami nilikuwa mmoja wao, kwa maana mtani wangu alisomea mtihani ule kwa miaka mitatu, na katika miaka mitatu hiyo sikumwuliza hata mara moja anaendeleaje. Ukimjua mtu, mzaha wako wenyewe unabadilika. Unaanza kujua mahali pa kukanyaga. Usipomjua, nyamaza au jitanie mwenyewe. Kujitania mwenyewe hakuna hasara, na vijana wanaosoma hapa walishike hilo, kwa sababu naona siku hizi mtu anapata wafuasi kwa kuwadhalilisha wenzake kisha anasema ni utani tu. Si utani. Utani una jembe.

Jambo la tatu ni simu. Usiombe radhi kwa maandishi, dada yangu, hasa kama una kipaji cha maandishi, maana kalamu iliyokosea ndiyo hiyo hiyo utakayoituma kusuluhisha, nayo itataka tena kusifiwa. Piga simu, sema umekosea, kisha nyamaza uone atasema nini. Asipopokea piga kesho.

Na sasa lile swali lako la mwisho, kama ni majaaliwa yako kuharibu. Wagiriki walikuwa na hoja waliyoiita hoja ya mvivu: ikiwa imeandikwa utapona, utapona hata usipomwita mganga, na ikiwa imeandikwa hutapona, mganga wa nini? Khrusippos, aliyeongoza wale watu wa barazani baadaye, alijibu kwamba mambo huandikwa pamoja. Kama kupona kumeandikwa, basi kumwita mganga nako kumeandikwa kando yake. Kwa hiyo hata kama imeandikwa kwamba wewe ni wa kukosea Jumapili, kwa nini usidhani kwamba kupiga simu Jumatatu nako kumo kwenye mstari huo huo? (Huyu Khrusippos ndiye anayesimuliwa kwamba alikufa kwa kucheka, baada ya kumwona punda akila tini zake, akamwambia bibi mmoja ampe punda mvinyo wa kushushia. Alijichekea mzaha wake mwenyewe mpaka akafa. Nimekoma kumwona kuwa kichekesho. Namwona kuwa onyo kwa sisi tunaohesabu emoji.)

Kuna kisa kingine ambacho namshukuru mzee wa Kigoma kwa kunilazimisha kukisoma tena. Kroisos, mfalme tajiri wa Ludia, alipoangushwa na Waajemi alituma pingu zake Delphi, kwenye hekalu la utabiri la Apollo, kumlaumu mungu huyo. Mwanahistoria Herodotos anasimulia kwamba jibu lililorudi lilikuwa la unyonge kidogo: Apollo alijitahidi kuwasihi Moirai msiba usimfike Kroisos mwenyewe, wakakataa, lakini aliwabembeleza wakaahirisha kuanguka kwa Sardis, mji wake mkuu, kwa miaka 3. Mungu mzima, na alichopata ni miaka 3. Mimi nilipokuwa kijana nilidhani hicho ni kisa cha kushindwa. Siku hizi nadhani rafiki hana kazi nyingine: mwenzako akiwa amebanwa na fungu lake, wewe unamwombea miaka 3, unamwazima vitabu, unamkumbusha tarehe ya kujiandikisha upya, unamsikiliza akijiita mtu wa kukaribia bila kusema ndiyo wala hapana.

Nimeanza kuhubiri, najua. Dada wa Muscat akisoma atanicheka.

Mtani wangu alirudi baada ya wiki sita. Hakuna aliyembembeleza mbele za watu. Mzee alimwongeza tu Jumamosi moja jioni, na kundi zima likakaa kimya kama wageni ukumbini, kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza. Akaandika yeye mwenyewe: "Naomba radhi kwa kutoka bila kuaga. Iliandikwa nitoke."

Hakupita nusu dakika, dada wa Muscat akajibu, "Na uchapwe," na picha aliyochaguliwa kwa wiki sita, wiki kwa wiki, ikawa ya punda anakula maembe, kwa kuwa hatukupata ya punda anakula tini.

Aliiweka. Kisha akaweka mkeka wa mechi saba, kama kawaida yake, na mimi nikakaa na simu mkononi nikijizuia kuandika chochote. Ulichanika kwenye mechi ya pili. Tukaona anaandika, anaacha, anaandika tena, halafu ujumbe ukaingia: "Mnaona? Leo hata sikukaribia."

Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Lakini emoji yangu niliituma ya mwisho, baada ya kuhakikisha wengine sita wamekwisha kutuma zao.